Amplifaya ya Uswisi na ng'ombe wanne wa baba mdogo

Nilipotea kidogo, tulikuwa na majaribio, na sisi wa ualimu tuna maandalizi ya somo yasiyoisha. Leo nina la nyumbani, Lalago.

Juzi baba mdogo kanipigia. Yeye hukodisha muziki kwenye harusi, Lalago mpaka Bariadi. Kuna mtu anamuuzia amplifaya kuukuu ya Uswisi, bei yake sawasawa na ng'ombe wanne. "Mwanangu, wewe si unasoma historia? Hebu nitazamie, za Uswisi kweli ni kiboko?" Sasa mmoja wa hao ng'ombe ndiye wa kumpeleka mdogo wangu wa kike fomu faivu. Nikaona hili si la kujibu juu juu. Nikaingia maktaba.

Sifa ya Uswisi haikuja bure, jamani. Stefan Kudelski alizaliwa Warsaw mwaka 1929, vita ikaifukuza familia yake Poland, akaishia kusoma Lausanne. Mwaka 1951, bado kijana kama sisi, akatengeneza mashine ya kurekodi ya kubeba begani. Akaiita Nagra, yaani "itarekodi" kwa Kipoland. Ile ya kwanza mota yake ilizungushwa kwa springi, unaijaza kwa mkono kama saa ya ukutani! Baadaye zikaja za transista na betri, na watu wa redio na sinema duniani wakazing'ang'ania. Zilikuwa ghali, lakini fikiria mtangazaji aliyeko porini, hakuna umeme, na anayemhoji hatasema tena maneno yale kesho. Mashine ikigoma, habari imekufa. Hapo bei ina maana.

Baadaye kampuni hiyo hiyo ikaanza kutengeneza na amplifaya za sebuleni. Wako na Waswisi wengine, Goldmund, FM Acoustics, Soulution. Ukitaka mashine zao mpya za juu unazungumzia makumi ya maelfu ya dola. Kwa hela hiyo Lalago unajenga nyumba na chenji inabaki. Ila sebuleni hakuna mtangazaji wala pori.

Je, sikio linaijua tofauti? Mwaka 1987 jarida la Marekani, Stereo Review, lilijaribu. Wakachukua amplifaya za bei mbalimbali, kuanzia kama dola 220 mpaka dola 12,000, wakasawazisha sauti, wasikilizaji wasijue ipi inalia. Wakashindwa kuzitofautisha kwa uhakika. Hapo kwenye kusawazisha ndipo penye siri, kwa sababu inayopiga juu kidogo tu sikio huiona ndiyo bora.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, nikakumbuka Bagika na Bagalu. Kwa wasio Wasukuma: inasimuliwa kwamba karne ya 19 Ngika na Gumha walishindana kwa ngoma, kila mmoja na watu wake, na makundi yao yapo hadi leo. Nenda Bujora wakati wa Bulabo, mwezi wa sita, utajionea. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayeuliza ngoma yako ulinunua kiasi gani. Lakini wachezaji walitafuta pia samba, dawa ya kuvuta watu, na dawa hiyo haikuwa ya bure. Mimi naona tajiri wa amplifaya ya Uswisi ananunua muziki kidogo na samba nyingi. Hela ni yake, sina ugomvi naye, na zile mashine zimeundwa vizuri kweli.

Ila harusi ya Lalago si sebule. Kiwanja wazi kinataka nguvu. Mashine ndogo ukiisukuma inaanza kukwaruza, na hapo hata bibi yangu anaisikia tofauti. Halafu kuna vumbi, jenereta inapanda na kushuka, na ikiungua ile ya Uswisi, fundi wa Maswa transista zake atazitoa wapi? Spika zenyewe za baba mdogo zimechanika karatasi, na hizo hakuna amplifaya inayoziponya.

Nikampigia nikamweleza yote. Akanyamaza, nikadhani salio limekata. Kumbe anawaza.

"Sasa huyu muuzaji nimwambieje?"

Nikamwambia Jumamosi aje nayo. Ifungwe nyuma ya turubai pamoja na ile yake ya zamani, spika zile zile, sauti zilingane, na kijana mmoja abadilishe bila kusema. Baba mdogo na wazee wakae mbele, waseme ipi ni ipi, wimbo baada ya wimbo.

Amekubali. Muuzaji ndiye bado hajajibu. Ng'ombe wako zizini, wote wanne.