Sanduku la Dawa na Mikono ya Kulifungua: Tarime na Serengeti tangu 1971

Afya ya wanawake wa Mara inapojadiliwa, ukeketaji ndio hutangulia, na ni haki utangulie. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliupiga marufuku kwa wasichana walio chini ya miaka 18, na bado kila Desemba hofu hurudi Tarime na Serengeti. Lakini msichana huyohuyo, aliyekeketwa au aliyenusurika, siku atakaposhikwa na uchungu wa uzazi ataulizia jambo jingine kabisa: zahanati ya kijiji ina nini kabatini, na nani yupo wa kukitumia? Historia ya swali hilo tumezoea kuisoma vipande viwili, historia ya dawa na historia ya watumishi. Mimi naiona kuwa moja, na naamini kuitenga ndiko kulikotugharimu.

Zamani za mkoloni Tarime ilikuwa makao ya wilaya ya Mara Kaskazini. Wamenoni walifungua misheni yao Shirati mwaka 1934, na hospitali yake ikawa miongoni mwa tegemeo kubwa la akina mama wa eneo lile. Kanisa hilohilo likaja kuwa na hospitali Mugumu, upande wa Serengeti. (Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, Shirati ilikwenda nayo. Mipaka ya utawala haiulizi mgonjwa anapita njia ipi.)

Taifa huru liliamua njia nyingine. Mkutano wa TANU wa 1971 uliagiza afya, maji na elimu ya vijijini vipewe kipaumbele. Mwaka 1974 huduma za mama na mtoto zikaanza kuenezwa nchini kote, na wasichana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Tunaweza kuwacheka leo kwa uchache wa elimu yao, lakini tukumbuke kwamba dola ilianza na mikono. Dawa ndizo zilizokosekana. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikaja, fedha za kigeni zikakauka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zahanati nyingi zilikuwa na mtumishi aliyekaa mbele ya kabati tupu.

Jibu lilikuwa sanduku. Mpango wa Dawa Muhimu, uliogharimiwa na Denmark kupitia UNICEF, ulianza kupeleka makasha ya dawa yaliyofungwa tayari, yenye vitu vilevile kwa kila zahanati, iwe ya Nyamongo au ya Rufiji. Wataalamu waliulaumu mfumo huo, na kwa sababu za msingi: dawa moja iliisha kabla ya mwezi kwisha huku nyingine ikioza rafuni. Hata hivyo ulikuwa na fadhila moja ambayo wakosoaji waliipita upesi. Haukumtaka mtumishi ahesabu chochote. Sanduku lilifika hata kwa aliyekuwa peke yake.

Kisha ukaja mwaka 1993. Bunge lilipitisha Sheria Namba 13 iliyounda Bohari ya Dawa, chombo kinachojitegemea. Mwaka huohuo uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za umma. Wajawazito walisamehewa, lakini msamaha huo unamfaa nini mama asipopewa dawa ya kusamehewa? Na katika kipindi hichohicho, kwa masharti ya marekebisho ya uchumi, serikali ilisimamisha ajira mpya na kupunguza wafanyakazi. Dawa zilijengewa nyumba mpya wakati mlango wa ajira unafungwa. Sijaona ushahidi kwamba waliosimamia maamuzi hayo waliyaweka kwenye meza moja.

Matokeo yake yalionekana pale makasha yalipoachwa na vituo vikatakiwa kuagiza vyenyewe. Mfumo jumuishi wa ugavi ulijaribiwa Dodoma na Iringa mwaka 2005, kisha ukaenea. Kwa kanuni ni mfumo bora: kituo huandika kilichotumika, kilichobaki, na siku ambazo dawa haikuwapo, halafu hukokotoa mahitaji. Lakini nani ataandika? Muuguzi aliyekesha na mzazi, anayechoma chanjo asubuhi na kupima wajawazito mchana, ndiye pia mtunza leja. Akichelewesha fomu, gari hupita bila mzigo wake. Akikisia, kisio lake husafiri hadi bohari ya kanda Mwanza na kurudi likiwa mzigo halisi, kupitia Daraja la Kirumi hadi Tarime, au kwa barabara za ndani kuelekea Mugumu. Upungufu wa mkunga hujigeuza hivyo kuwa upungufu wa dawa, na kwenye taarifa huonekana kama kosa la ugavi.

Chukua oksitosini, dawa ya kuzuia damu kumwagika baada ya kujifungua. Hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chanjo zina jokofu lao na ratiba yake. Oksitosini ikiachwa rafuni kwenye joto hudhoofika bila kubadilika sura. Leja itasema ipo. Magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba haihitaji jokofu, bali mtu anayejua kipimo na atakayekaa na mgonjwa usiku kucha.

Mpango wa MMAM wa 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ikama ya 2014 ikasema zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20. Anayezifahamu zahanati zetu za vijijini atatabasamu kwa huzuni.

Halafu 1993 ikajirudia. Bajeti ya dawa, iliyokuwa shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16, ilipandishwa hadi zaidi ya bilioni 250 mwaka uliofuata. Katika kipindi hichohicho ajira zilisitishwa kwa ajili ya uhakiki, na Aprili 2017 watumishi 9,932 wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, wakiwamo wa afya. Sitetei vyeti vya kughushi. Nauliza tu nani alipangiwa kufungua masanduku mapya kesho yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Ni habari njema, lakini wastani wa taifa hauelezi hali ya kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Mara. Mpaka leo maombi ya dawa huenda Bohari ya Dawa, na maombi ya mkunga hupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri na TAMISEMI hadi Utumishi, yakasubiri kibali. Madiwani wa Tarime na Serengeti hawana mamlaka ya kutoa kibali hicho. Wanayo mamlaka ya kudai taarifa ya dawa na taarifa ya ikama ziwekwe mezani siku moja, kituo kwa kituo, kabla hawajapitisha fedha za kujenga zahanati nyingine.