Fedha na Kiapo: Habari za Sarafu na Katiba

Kila msomaji wetu ajua ya kuwa neno "fedha" lina maana mbili: kwanza madini meupe yang'aayo, pili mali ya kununulia vitu. Zamani maana hizo zilikwenda pamoja, kwani mali ile ilikuwa madini yenyewe, leo zimeachana. Twapenda kueleza habari hiyo, tena twauliza: watawala wakichora ahadi yao juu ya sarafu, ni nini kiishikacho ahadi ile?

Watu wa Msanzi, na wa uwanda wote wa juu wa Ufipa, hawakungoja wageni ili wajue thamani ya kitu. Mafundi wao waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo zipitazo kimo cha mtu, ziitwazo malungu, na chuma kile kikafuliwa majembe. Chini, katika bonde la Rukwa, walikuwapo wafumaji wa nguo za pamba. Jembe halikuwa na sura ya mwene wala maandishi. Mwenye kulipokea alilipima kwa mkono wake, na shamba likamwambia kama ni jembe kweli.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake. Uzito wake ulikuwa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za madini yake, 917 zilikuwa fedha safi, sawasawa na rupia ya Bara Hindi iliyokwisha kuzoewa pwani. Upande mmoja palikuwa na sura ya Kaisari Wilhelm II, amevaa kofia ya vita. Ndipo serikali ilipotangaza kodi ya nyumba, mwaka 1897, na huku Ufipa boma lake lilikuwa Kasanga, mahali Wajerumani walipopaita Bismarckburg. Hivyo sura ya Kaisari ikawa kitu cha lazima hata kwa mtu ambaye jembe lake lilimtosha. Fedha ya rupia ile ilikuwa njema. Lakini aliyeishika hakuulizwa neno juu ya sheria iliyomtaka ailipe.

Wajerumani waliondolewa Ufipa mwaka 1916. Miaka miwili baadaye Kaisari mwenyewe aliondoka katika kiti chake, na tarehe 11 Agosti 1919 nchi yake ilipata katiba mpya, iitwayo katiba ya Weimar. Neno letu "katiba" latoka katika shina lile lile la Kiarabu lililotupa "kitabu" na "katibu", yaani shina la kuandika. Katika katiba ile iliandikwa kwamba mamlaka ya dola yatoka kwa watu.

Ilipotimia miaka kumi, mwaka 1929, serikali ya Ujerumani ilitoa sarafu za ukumbusho wa katiba hiyo, za mark 3 na za mark 5. Iliyo kubwa ilikuwa na uzito wa gramu 25, nusu yake fedha safi. Upande mmoja palichorwa kichwa cha Rais Hindenburg. Upande wa pili mkono ulioinuliwa vidole, kama mtu aapavyo, pamoja na maneno yenye maana ya uaminifu kwa katiba.

Haikupita miaka minne. Tarehe 28 Februari 1933 Hindenburg yule yule alitia sahihi amri iliyosimamisha haki kubwa za raia zilizomo katika katiba: uhuru wa kusema, wa kukutana, na wa mtu kutofungwa bila sheria. Katiba haikufutwa kwa jina. Iliachwa kama nyumba isiyo na mtu. Na sarafu je? Ukiitia katika mizani, uzito wake haukupungua hata kidogo. Fedha ilidumu, kiapo kikavunjika, na mkono ule ulibaki umeinuliwa.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Shilingi ya Waingereza, iliyoanza kupigwa mwaka 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha, na tangu 1948 haikutiwa fedha kabisa. Sura zilibadilika: mfalme aliondoka, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania ikaja na sura ya Mwalimu Nyerere. Jirani zetu wa Kenya walichora marais wao, Kenyatta, Moi na Kibaki. Lakini katiba yao ya tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu ye yote juu ya fedha ya nchi. Miaka minane ilipita bila sarafu mpya. Ndipo Desemba 2018 zikatolewa zenye twiga, kifaru, simba na tembo. Hazikuwa za fedha, wala hazikuandikwa kiapo. Hata hivyo twaona ziliiheshimu katiba kuliko zile za 1929, kwa kuwa zilitenda iliyoagiza, ingawa kwa kuchelewa.

Basi tusidharau sarafu za ukumbusho, kwani zatukumbusha lililoahidiwa. Ila tuzipime kama wazee wa Ufipa walivyopima jembe: si kwa mng'ao, bali kwa kazi lifanyayo shambani.