Upimaji wa diski za pamoja

Upimaji wa diski za pamoja ni kazi ya kuhakikisha kwamba diski zinazotumiwa na seva kadhaa zinaweza kuizuia seva iliyotengwa na nyingine isiandike tena data. Hufanywa kabla ya kundi la seva, yaani klasta, kuanza kutumika.

Sababu ya upimaji

Katika klasta, seva mbili au zaidi huunganishwa ili moja ikiharibika nyingine iendeleze huduma. Miaka ya 1980 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani iliuza mfumo wa aina hii kwa jina la VAXcluster. Seva za klasta hujulishana kwamba ziko hai kwa ishara fupi zinazotumwa mtandaoni mara kwa mara.

Mtandao huo ukikatika, kila upande hudhani upande wa pili umekufa, kumbe zote mbili ziko hai. Kila upande huchukua diski na kuanza kuandika bila kujua mwingine ameandika nini. Fahali wawili hawakai zizi moja: muda si mrefu mpangilio wa mafaili huvurugika na data hupotea. Hasara hiyo ni kubwa kuliko huduma kusimama kwa muda.

Namna ya ulinzi

Kinga inayotumika sana ni utaratibu wa kufuli la kudumu uliomo katika kanuni za SCSI-3. Kila seva huandikisha kwenye diski ufunguo wake wenye baiti 8. Kisha diski huwekewa kufuli linaloruhusu seva zilizoandikishwa tu kuandika. Ufunguo wa seva ukifutwa, diski yenyewe hukataa maandishi yake. Kufuli la SCSI-2 lilikuwa dhaifu zaidi, kwa sababu lilipotea njia ya mawasiliano ya diski ilipoanzishwa upya.

Mfumo wa Veritas Cluster Server hutumia pia diski za uamuzi zisizohifadhi data. Huwa tatu au zaidi, na idadi yake ni witiri, ili pande mbili zinapozigombea pasiwe na sare. Upande unaopata diski nyingi hubaki kazini, ulioshindwa hujizima.

Hatua za upimaji

Kwa kawaida diski hupimwa kutoka seva mbili, A na B:

1. Namba ya utambulisho ya diski husomwa kutoka seva zote mbili, kuthibitisha kwamba ni diski ileile.
2. A na B huandikisha funguo zao, kisha funguo husomwa tena.
3. Kufuli huwekwa, na kila seva hujaribu kuandika. Zote mbili zinapaswa kufaulu.
4. A huufuta ufunguo wa B.
5. B hujaribu kuandika. Hapa inapaswa kukataliwa. Ikifaulu, diski haifai.
6. Funguo na kufuli huondolewa.

Programu zinazotumika

Veritas ina programu iitwayo vxfentsthdw. Katika Linux, amri ya sg_persist huwezesha kufanya hatua za funguo na kufuli moja baada ya nyingine. Windows Server, kuanzia toleo la 2008, hupima diski pamoja na sehemu nyingine za klasta.

Tahadhari

Diski isiyofuata utaratibu huu inaweza kusoma na kuandika vizuri kwa miaka mingi. Kasoro yake hujitokeza siku mtandao unapokatika. Kwa hiyo kufanya kazi vizuri kila siku si ushahidi kwamba ulinzi upo.

Upimaji wa kawaida wa vxfentsthdw hufuta data iliyomo, hivyo hufanywa kwenye diski tupu. Kwa diski yenye data hutumika chaguo la -r, ambalo husoma tu bila kuandika. Inafaa upimaji urudiwe kila kabati la diski linapobadilishwa au programu yake ya ndani inaposasishwa.