Lango la Nchi Kavu: Kibamba na Historia ya Maandishi ya Safari ya Kiswahili

Maandishi ya safari ya Kiswahili ya kipindi cha ukoloni yalijengwa juu ya mwelekeo mmoja: msafiri hutoka pwani. Huenda bara au ng'ambo, kisha hueleza alichokiona kwa kukipima na alichokizoea kwao. Makala haya yanadai kuwa katika maandishi hayo ugeni haupimwi kwa umbali bali kwa mahali anaposimama mtazamaji. Dai hilo linajadiliwa kwa kuyasoma maandishi ya wasafiri watatu sambamba na Kibamba, kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mwelekeo huo umegeuka: wasafiri wengi huingia Dar es Salaam wakitokea bara.

Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli. Katika mkusanyo huo, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo anasimulia safari ya Udoe na Uzigua, naye Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani Theodor Bumiller. Udoe na Bagamoyo ni majirani, lakini Mtoro anazieleza desturi za huko kama za watu wa mbali. Selim, kwa upande wake, aliwakuta Waislamu wenzake katika miji ya Asia ya Kati, maelfu ya maili kutoka kwao, na dini ikawa daraja kati yake na wenyeji. Jirani akawa mgeni, na wa mbali akawa ndugu. Jozi ya dhana za ustaarabu na ushenzi, iliyotawala fikra za pwani wakati huo, ilikuwa na nguvu kuliko jiografia.

Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Zanzibar, aliuelekeza mtazamo huo kwa watawala. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata kilichapishwa kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Hata hivyo, Kayamba hakuwa msafiri huru kabisa, kwani alikwenda akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Velten naye alikusanya maandishi yake katika mazingira ya kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Kwa hiyo, hisia za wasafiri hawa zilipita kwanza katika mikono ya aliyegharimia safari au kuchapisha kitabu.

Maisha ya Mtoro yanaonesha uzito wa jambo hilo. Alianza kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, na mwaka 1904 akamwoa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kurejea Afrika Mashariki mwaka 1905, utawala wa koloni uliwazuia kushuka. Mtu aliyewaeleza Wadoe kama wageni alifanywa mgeni mbele ya pwani yake mwenyewe. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Wakati huohuo lango la pwani lilikuwa likihama. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao ya utawala kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya misafara ya Bagamoyo ikapoteza nafasi yake. Baadaye barabara ya lami ilikamilisha mageuzi hayo. Tangu mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kipo Mbezi Luis. Abiria anayetoka Dodoma, Mbeya au Mwanza hupita Kibaha, Kiluvya na Kibamba, na safari yake inaweza kuishia Mbezi bila kuiona bahari.

Kibamba, iliyokuwa Wilaya ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Ubungo, ni sehemu ya Mkoa wa Dar es Salaam kiutawala. Hata hivyo, mkazi wake anayekwenda Kariakoo au Posta husema "nakwenda mjini". Kauli hiyo inabeba historia ndefu: katika lugha, mji umebaki bandarini, ingawa lango lake limehamia nchi kavu. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa, na upanuzi wa barabara ukafuata. Aliye ndani ya basi huiona Kibamba kama dalili ya kukaribia mji. Aliyebomolewa nyumba huijua kama mahali palipokuwa kwake. Wote wawili wanatazama barabara ileile.

Mtafiti wa fasihi ya safari anayeanzia bandarini tu atamsikia mmoja wa watazamaji wa kihistoria na kuwaacha wengine. Barua, masimulizi ya abiria na kumbukumbu za wakazi wa kando ya barabara zinastahili kusomwa kwa makini yaleyale yanayopewa maandishi ya Selim na Kayamba. Mtoro alipata nafasi ya kuwaeleza Wadoe. Haikutosha kumfungulia lango la kwao. Swali la nani anaruhusiwa kusafiri, kufika na kusimulia bado liko wazi, na Kibamba ni mahali pafaapo kuanza kulijibu.