Kabla ya Nyandungu kulikuwa na Rugezi

Ukitoka Giporoso, jijini Kigali, kuelekea Mulindi na Kabuga, barabara inateremka na kukata bonde pana lenye matete na miti ambayo bado ni michanga. Upande mmoja ni Nyarugunga, wilaya ya Kicukiro. Upande wa pili ni Ndera, wilaya ya Gasabo, sekta ambayo Wanyarwanda wengi wakisikia jina lake hukumbuka kwanza hospitali ya magonjwa ya akili. Bonde hilo ndiyo bustani ya Nyandungu: hekta 121, kati yake 70 hivi ni ardhi oevu na zinazobaki karibu zote ni msitu. Zamani watu walilima humo, wakachunga mifugo, wakatupa taka. Kazi ya kulifufua ilianza 2016, na Julai 2022 bustani ikafunguliwa kwa umma.

Mwaka huohuo wa 2016, kilomita chache tu kutoka hapo, katika jumba la mikutano la Kimihurura, wajumbe wa dunia nzima walikesha hadi asubuhi wakibishana juu ya gesi za majokofu na viyoyozi. Makubaliano yao yakapewa jina la mji wenyewe: Marekebisho ya Kigali. Kwa hiyo 2026 ni mwaka wa kutimiza miaka kumi kwa mambo mawili, na jiji lina haki ya kujivunia yote mawili. Tatizo langu ni kwamba ukianzia 2016 unaisimulia hadithi hii kutoka katikati. Serikali haikuamka siku moja ikapenda vinamasi. Ilifundishwa, tena kwa uchungu, na giza.

Ni kweli kwamba Rwanda ilikuwa na mazoea ya kazi za pamoja tangu zamani. Umuganda, ambao msomaji wa Tanga angeuita msaragambo, ulifanywa kuwa mpango wa taifa mwaka 1974, ukachafuliwa vibaya 1994 wakati wito wa “kazi” ulipogeuzwa kuwa wito wa kuua, kisha ukarudishwa na kuwekewa sheria mwaka 2007. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, wenye miaka 18 hadi 65 wanatakiwa kutoka. Marufuku ya mifuko ya plastiki ikapata sheria yake 2008, miaka tisa kabla ya Kenya na kumi na moja kabla ya Tanzania Bara. Haya yanajulikana, na kila mgeni anayetua Kanombe husimuliwa. Rugezi haisimuliwi.

Rugezi ni kinamasi kikubwa cha milimani kaskazini mwa nchi, katika maeneo ya Burera na Gicumbi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Maji yake hutiririka polepole hadi ziwa Burera. Kutoka Burera yanaporomoka kuingia ziwa Ruhondo, na katika poromoko hilo ndipo ulipojengwa mtambo wa umeme wa Ntaruka mwaka 1959, wenye uwezo wa megawati 11.25. Chini ya Ruhondo upo mtambo mwingine, Mukungwa. Kwa miaka mingi nchi ilitegemea mitambo hiyo miwili kwa sehemu kubwa ya umeme iliouzalisha yenyewe. Kinamasi kilifanya kazi ya ghala: kilipokea mvua nyingi kwa mkupuo, kikaitoa kidogo kidogo hadi kiangazi.

Ghala hilo lilibomolewa na watu wenye njaa. Katika nchi yenye msongamano mkubwa kiasi kile, ardhi tambarare yenye unyevu mwaka mzima haiachwi wazi. Wakulima walichimba mifereji, wakakausha, wakapanda. Milimani miti ilikatwa na udongo ukashuka kuziba njia za maji. Uchunguzi ulioandikwa na watafiti wa taasisi ya IISD ya Kanada kwa ajili ya World Resources Report, ambao ndio ninaoutegemea zaidi hapa, unaongeza mambo mawili ambayo wasimulizi wengine huyaruka: mvua zilikuwa zimepungua, na mtambo wenyewe uliendeshwa vibaya. Mkulima wa Rugezi alikuwa na sehemu yake ya lawama. Hakuwa peke yake.

Mwaka 2003 na 2004 mambo yakaharibika. Kina cha Burera kilishuka, Ntaruka ikashindwa kuzalisha, na Kigali ikaingia katika mgao wa umeme. Shirika la umeme la wakati huo, Electrogaz, likalazimika kukodi jenereta za dizeli. Nchi isiyo na bandari, inayosafirisha kila lita ya mafuta kwa lori kutoka Mombasa au Dar es Salaam, ikawa inachoma dizeli ili viwanda na hospitali viendelee. Ripoti ya serikali ya hali ya mazingira ya 2009 inataja gharama ya hadi dola 65,000 za Marekani kwa siku. Bei ya umeme kwa mteja ikapanda.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Serikali iliamuru kilimo kisimame ndani ya Rugezi na mifereji ya kukaushia iachwe. Waliokuwa wakilima humo wakaondolewa. Kando ya maziwa likawekwa eneo la mita 50 lisiloguswa, la kupandwa mianzi na miti. Hata kukata nyasi za kulishia ng’ombe na za kusukia vikapu na mikeka kukazuiwa. Kwa mtu aliyekaa Kigali akisubiri taa ziwake, amri hiyo ilikuwa ya busara. Kwa familia iliyokuwa na shamba lake la pekee kinamasini, ilimaanisha njaa msimu uleule. Watafiti wa IISD wanaeleza wazi kwamba mzigo uliwaangukia zaidi maskini, na kwamba watu waliwekewa marufuku kwanza ndipo njia nyingine za kujipatia riziki zikafuata: matuta ya kuzuia mmomonyoko, ufugaji wa nyuki, majiko yanayotumia kuni kidogo, miti ya kupandwa mashambani.

Nasisitiza mfuatano huo kwa sababu ndio kiini cha jambo. Manufaa yalikuja, na yalikuwa makubwa. Rugezi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa Desemba 2005. Maji yalirudi, mitambo ikarudi kazini, na mwaka 2010 Rwanda ikapewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo. Kinamasi kinapokaushwa, mboji iliyojilimbikiza kwa maelfu ya miaka huanza kuoza na kutoa hewa ya ukaa. Kinaporudishiwa maji, uharibifu huo husimama. Kwa hiyo tuzo ilistahili. Lakini waliolipa bei ya kwanza hawakuwamo ukumbini, na katika masimulizi ya mafanikio wanatajwa, kama wanatajwa, kwa jina la “wavamizi”. Wengi wao walikuwa raia waliolima mahali ambapo kwa muda mrefu hakuna aliyewakataza.

Somo la Rugezi ndilo lililoshuka hadi mabonde ya Kigali. Sheria ya mazingira ilitoka 2005, mamlaka ya mazingira, REMA, ikaundwa, na macho yakageukia viwanda vilivyojengwa juu ya ardhi oevu ya Gikondo. Vikaambiwa vihame. Hapo hapakuwa na amri ya siku chache kama kaskazini: wenye viwanda walikuwa na mawakili, wathamini na barua, na mazungumzo ya fidia yakachukua miaka. Ndera ikahusika moja kwa moja, maana eneo maalumu la kiuchumi lililoandaliwa kwa ajili ya viwanda liko humo, upande wa Masoro. Tofauti kati ya mkulima wa Rugezi na mwenye kiwanda wa Gikondo ni kubwa, na inaniuma. Wote wawili walikalia kinamasi. Mmoja alisubiriwa.

Kisha ikaja Oktoba 2016 na mkutano ule wa Kimihurura. Kemikali zilizojadiliwa, HFC, zilikuwa zimechukua nafasi ya zile zilizotoboa tabaka la ozoni. Haziharibu ozoni, ila kilo moja ya baadhi yake hupasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa. Ubishi ulikuwa juu ya tarehe. Nchi za Afrika zilitaka mapema. India na baadhi ya nchi za joto kali zilitaka kusubiri. Alfajiri ya tarehe 15 Vincent Biruta, aliyekuwa waziri wa maliasili wa Rwanda, aliweza kutangaza mapatano: nchi tajiri kuanza kupunguza 2019, China na nchi nyingi zinazoendelea, Afrika ikiwemo, kusimamisha ongezeko 2024, India, Pakistan, Iran, Iraq na nchi za Ghuba kama Oman zikapewa hadi 2028. Wataalamu walikadiria kuwa hatua hiyo ingeepusha ongezeko la joto la hadi nusu ya nyuzi kufikia mwisho wa karne.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa haraka. Desemba 2019, mvua zilipoua watu, Jiji la Kigali lilibomoa nyumba zilizokuwa mabondeni, na kilio kikawa kilekile cha fidia. Mei 2023 mafuriko na maporomoko magharibi na kaskazini yaliua zaidi ya watu 130. Kati ya matukio hayo mawili Kigali ilitambuliwa na Ramsar, mwaka 2022, kuwa mji wa ardhi oevu. Msomaji wa Dar es Salaam anayekijua Jangwani, na ubishi wa fidia wa wakazi wa bonde la Msimbazi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nyandungu yenyewe inapendeza. Miti zaidi ya 17,000 ya asili ilipandwa, yapo mabwawa ya kupokea maji ya mvua, ndege wamerudi, na vijana wa Ndera hukimbia kwenye njia zake baada ya kulipa kiingilio. Ningependa ubao mmoja uwekwe langoni ueleze kisa cha Rugezi: mtambo wa 1959, mgao wa 2004, na watu walioambiwa watoke mashambani. Sasa kazi imehamia kwenye mabonde mengine matano ya jiji, Gikondo likiwamo, ambako kaya na biashara ndogo zinaondolewa. Huko mpangilio unaweza kubadilishwa: riziki mpya itangulie, marufuku ifuate. Na kwa yale ya Kimihurura, tarehe inayofuata ni 2029, ambapo Rwanda, Kenya, Tanzania na Uganda zinatakiwa ziwe zimepunguza HFC kwa asilimia 10. Mafundi wa majokofu wa Nyabugogo, Kariakoo na Gikomba ndio watakaoitekeleza au kuikwamisha, na wanahitaji mafunzo na vifaa kabla ya mwaka huo kufika.