Gari linapolia ‘tak’ na kukataa kuwaka

MLIO anaousikia dereva azungushapo ufunguo na injini ikakataa kunguruma haufai kupuuzwa, kwani ndio unaoeleza kasoro iko wapi. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, na siku chache baadaye hujikuta pale pale kando ya barabara, pengine usiku.

Ufunguo unapozungushwa, umeme kidogo huelekezwa kwenye solenoidi, kifaa kilichounganishwa na stata. Hiyo ni sumaku ya umeme. Husukuma gia ndogo ikamate meno ya gurudumu la injini, na papo hapo huunganisha vipande vya shaba ili umeme mwingi wa betri upite hadi kwenye mota ya stata. Mlio unaosikika chini ya boneti ni wa sumaku hiyo ikivuta. Kwa hivyo, gari linalolia huwa limethibitisha kwamba swichi ya ufunguo inafanya kazi. Kinachokosekana ni ule umeme mwingi, au stata yenyewe imeshindwa kuutumia.

Stata ya gari dogo la petroli huweza kuhitaji ampea 100 hadi 200, ilhali taa kubwa za mbele hutumia takriban 10 tu. Ndiyo maana redio kulia na taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima, ingawa hiyo ndiyo hoja ya kwanza ya wenye magari wengi.

Mlio wa haraka mfululizo, ‘tak-tak-tak-tak’, aghalabu ni ishara ya betri dhaifu. Sumaku huvuta, stata huanza kunyonya umeme, volti huporomoka, sumaku huachilia. Volti hupanda tena na mchezo huo hurudiwa mara nyingi kwa sekunde moja.

Hata hivyo, kabla ya betri kulaumiwa, ncha zake zapaswa kuchunguzwa. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme, na waya uliolegea hufanya vivyo hivyo. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana isije ikagusa bodi ya gari na kutoa cheche. Ncha husafishwa kwa maji moto, zikakaushwa, zikasuguliwa kwa msasa hadi zing’ae, kisha zikakazwa barabara. Mikono na macho yakingwe, kwa kuwa unga huo una asidi. Waya mnene unaounganisha betri na bodi pamoja na injini usisahauliwe. Kutu ikiukalia, hata betri iliyotoka dukani leo haitafua dafu.

Mita ya kupimia volti humaliza ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekwisha. Ikiwa mita yashuka chini ya 9.6 wakati stata inajaribu kuzunguka, betri hiyo haina nguvu. Injini ikishawaka, kipimo kiwe kati ya 13.8 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, altaneta ndiyo haichaji, na fedha za betri mpya zitakuwa zimetupwa bure. Katika maeneo ya joto kama Mombasa betri huzeeka mapema. Asubuhi za baridi kali za Limuru nazo hufichua udhaifu uliokuwapo tangu zamani.

Anayeazima umeme wa gari jingine huanza na waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri, kwani betri hutoa haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche. Lori la volti 24 lisitumiwe kamwe kuliwashia gari la volti 12.

Mlio mmoja mzito, ‘tak’, huku taa zikibaki angavu, ni habari nyingine. Hapo hushukiwa shaba za solenoidi zilizolika au kaboni za stata zilizokwisha. Mafundi wa jua kali huigonga stata polepole kwa mpini wa nyundo, na gari huwaka. Hila hiyo ni ya kumfikisha mtu kwa fundi, si tiba. Shaba na kaboni huweza kubadilishwa pekee katika stata nyingi, hivyo fundi anayedai stata nzima inunuliwe aulizwe kwanza kama ameifungua.

Iwapo gari lilipita kwenye mafuriko, kama yale ya Nairobi ya Aprili 2024, mlio huo mmoja waweza kumaanisha maji yameingia ndani ya silinda. Maji hayagandamiziki. Kulazimisha injini izunguke, ama kwa stata ama kwa kuvutwa, huweza kupinda vyuma vya pistoni, na bili yake yashinda ya stata mara nyingi.

Gari la gia za mkono lenye betri dhaifu laweza kusukumwa, likatiwa gia ya pili na klachi ikaachiliwa ghafla. La otomatiki haliwaki kwa njia hiyo, hata wasukumaji wawe kumi, kwa kuwa pampu ya mafuta ya gia hutegemea injini inayozunguka.