Kuvu ya ubongo kwa wenye virusi vya ukimwi: dawa moja haitoshi

Kichwa kuuma kwa wiki mbili bila kutulia, homa, kutapika, shingo kukakamaa, kisha mtu kuweweseka. Hapa kwetu Pwani wengi husema ni jini, na mgonjwa huzungushwa kwa waganga huku siku zikipita. Kwa mwenye virusi vya ukimwi, huenda ikawa ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu iitwayo kriptokokasi.

Kuvu hii hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Twaivuta kwa pumzi, na mwenye kinga imara ni nadra kumdhuru. CD4 zikishuka chini ya 200, na zaidi chini ya 100, huweza kupanda hadi ubongoni. Isipotibiwa, huua.

Tiba yake ni kuunganisha dawa. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lapendekeza dripu moja tu ya amfoterisini B ya aina iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzani, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Utaratibu huu ulijaribiwa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Baadaye flukonazoli huendelea kwa miezi mingi, hadi kinga ipande.

Wengi huogopa sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo. Maji hayo ndiyo hupimwa, na kuyatoa hupunguza shinikizo kichwani. Kuikataa ni hatari.

Kwa ambaye hajaanza ARV, daktari humngojesha wiki 4 hadi 6. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014 ulionyesha kuwa walioharakishiwa ARV walikufa zaidi. Aliye kwenye ARV tayari asiziache bila kauli ya daktari.

Mwenye CD4 za chini na aulize kipimo cha damu cha kriptokokasi. Huigundua kuvu hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Dua tuombe, lakini Mtume (SAW) pia alituamrisha kujitibu. Mgonjwa afikishwe hospitali mapema, na kisomo kimkute huko.